Kabati la Zamani: Bango la mjomba msilipeleke saiba

SWALI: Mzee wa Kabati, salamu nyingi kutoka Kisumu, upande wa Milimani. Mjomba wangu alituacha mwaka jana na mimi ndio niliachiwa kazi ya kufungua masanduku yake. Alisoma Uingereza mwanzo wa miaka ya sabini, na kuna sanduku moja la bati limejaa makaratasi ya huko, tiketi za basi, programu za mpira, barua, na bango moja kubwa la filamu limekunjwa kama gazeti, limeandikwa The Rise and Rise of Michael Rimmer. Mimi hiyo filamu sijawahi hata kuiskia na kwa DJ Afro, yule wa kusimulia filamu kwa Kiswahili, haijawahi pita. Nilipiga picha nikaweka status, kesho yake asubuhi jamaa mmoja wa Nakuru ambaye tulijuana tu kwa mazishi akanipigia kuuliza nauza ngapi, akataja elfu tatu, mi nikanyamaza kwa sababu nilikuwa napiga mswaki, akapanda elfu saba. Sasa nimeshtuka. Hii kitu ni nini na mbona anaitaka hivyo? Na jirani ananiambia nilikimbize saiba lilaminetiwe kabla mchwa hawajaliona. – Mpwa wa Marehemu

JIBU: Mpwa wangu, pole sana kwa msiba, na kama uko njiani kwenda saiba tafadhali mwambie wa boda ageuze. Laminesheni imeua karatasi nyingi za maana hii Kenya kuliko mchwa na panya ukiwaweka pamoja. Sisi ni watu wa kulaminetia kila kitu, cheti cha KCPE, picha ya nyanya, ratiba ya kwaya, na bango likishapita kwa ile mashine ya moto plastiki inashikana na karatasi na hakuna fundi atakutolea. Najua kwa sababu nimefanya. Nilikuwa na bango la mgombea mmoja wa uchaguzi wa 1992, safi kabisa, nikalipeleka nikijiona mjanja, sa hizi limegeuka manjano limejaa mapovu usoni mwa mheshimiwa kama ameshikwa na tetekuwanga, na mkusanyaji niliyemtumia aliangalia akarudisha kwa bahasha ileile bila hata kuandika neno.

Haya, filamu yenyewe. Ni kejeli ya siasa ya Waingereza, ilitoka Novemba 1970. Jina lenyewe ni utani, kwa sababu kawaida mtu husimuliwa alivyopanda na alivyoanguka, huyu anapanda halafu anapanda tena. Jamaa anaingia kwa kampuni ndogo ya matangazo inayokufa kufa, ameshika ubao wa kuandikia na kalamu, hakuna anayejua ametumwa na nani, na kwa vile ana ubao na uso wa kazi kila mtu anadhani ameletwa kupima vile watu wanafanya kazi. (Hapa kwetu hauhitaji hata ubao, vaa tu ile reflekta ya manjano uingie ofisi yoyote unayotaka.) Kidogo kidogo anaishika kampuni, anaigeuza iwe ya kura za maoni, yaani ya kuzunguka kuuliza watu watampigia nani, kutoka huko anaingia siasa, na haichukui muda amekuwa waziri mkuu baada ya kumsukuma aliyemtangulia kutoka juu ya mtambo wa kuchimba mafuta baharini. Halafu sehemu ambayo mimi huipenda. Akishakalia kiti anaanza kuwaambia wananchi nyinyi ndio wenye nchi, pigeni kura kwa kila jambo. Kila jambo kweli, kubwa kwa dogo, kwa posta na kwa televisheni, mpaka watu wanachoka, wanalia, hawataki tena kuulizwa kitu. Hapo ndio anawaletea kura ya mwisho: mnipe mimi mamlaka yote ili msisumbuliwe tena? Wanampa, na wanampa wakishukuru.

Sasa ona miaka. Uingereza haikuwa imefanya referendamu ya nchi nzima hata moja wakati filamu hii inatoka, ya kwanza ilikuja Juni 1975, ya kuamua kama wabaki kwa soko la Ulaya, halafu ile ya 2016 ya kutoka ndio ulimwengu wote uliiskia. Kwa hivyo jamaa walicheka kitu ambacho bado hakijawafikia. Na kuna hii ingine ambayo wakusanyaji hupenda kurudia hata kama hujawauliza: filamu ilikuwa tayari kabla ya uchaguzi wa tarehe 18 Juni 1970 lakini ikashikiliwa mpaka uchaguzi upite, ikaonekana ni ya kisiasa mno. Na uchaguzi wenyewe ukawa kichekesho kuliko filamu, kwa maana karibu kampuni zote za kura za maoni zilikuwa zimempa ushindi waziri mkuu Harold Wilson, halafu mpinzani wake Edward Heath akaibuka. Yaani filamu ya kuwacheka wapima maoni ilikuwa imefungiwa kabatini wakati wapima maoni wanajiaibisha huko nje. Ingetoka Mei pengine ingekuwa moto. Ilipotoka Novemba watu walishachoka na siasa, haikufanya biashara ya maana, na filamu isiyofanya biashara mabango yake hayawekwi na mtu, yanaenda na takataka. Ndio maana la mjomba lina wenyewe wanaolitafuta.

Tena wanaolitafuta hawatoki kundi moja. Rimmer anachezwa na Peter Cook, yule aliyefungua klabu ya kejeli London 1961 na kulisaidia kwa pesa gazeti la kejeli la Private Eye lisianguke, kwa hivyo watu wa Cook wako ndani. Aliandika pamoja na John Cleese na Graham Chapman, hao ndio wawili kati ya sita wa Monty Python, lile kundi la vichekesho la Waingereza, na wakusanyaji wa Monty Python ni jeshi, wananunua hata leso. Mwandishi wa nne ni Kevin Billington ambaye ndiye alielekeza. Aliyeisimamia kwa pesa ni David Frost, yuleyule aliyekuja kumkalisha Nixon, aliyekuwa rais wa Marekani, kwa mahojiano 1977, na wengi husema Rimmer amechongwa kwa mfano wa Frost mwenyewe, sasa fikiria mtu analipia filamu ya kujichekesha. Halafu ndani yake kuna Harold Pinter anaigiza mtangazaji wa TV, Pinter huyohuyo aliyekuja kupewa Nobeli ya fasihi 2005. Denholm Elliott yumo, kama uliona Indiana Jones utamjua yule mzee wa makumbusho anayepotea ovyo. Karatasi moja, makundi matano sita yanaing'ang'ania, na wengi wao, nikuambie ukweli, hawajali sana kama filamu ni nzuri. Mimi mwenyewe naona katikati inalegea, vichekesho vingine vimezeeka vibaya. Lakini mkusanyaji hanunui filamu, ananunua ile hadithi ya kabatini.

Kabla hujampigia wa Nakuru hakikisha si kopi. Bango la kawaida la sinema za Uingereza za wakati huo linalala, halisimami, upana inchi 40 na urefu inchi 30. Chukua futi ya fundi cherehani upime. Likiwa dogo kama la kalenda au limesimama wima, uliza maswali. Pili, mikunjo. Mabango ya miaka hiyo yalikuwa yanatumwa kwa masinema yakiwa yamekunjwa, kwa hivyo mikunjo si kasoro, ni ushahidi. Zima feni, weka bango mezani, funga macho upitishe kidole juu ya mkunjo. Kama unauona lakini kidole hakiuskii, hiyo ni picha ya bango iliyochapishwa juu ya karatasi mpya, mkunjo na yote. Tatu angalia zile herufi ndogo ndogo za chini kabisa, majina ya wahusika na ya mchapishaji, kwa orijino zinasomeka kali hata ukiwa umevaa miwani ya kukopa, kwa feki zimevimba kama wino umeingia maji.

Kuhifadhi sasa, na hapa Kisumu ndio inatuua kwa sababu ya huu unyevu wa ziwa. Usilibandike ukutani, usilitie selotepu hata moja, gundi ya selotepu baada ya miaka inakuwa kahawia na haitoki. Likunje kwa mikunjo yake ileile, usitengeneze mipya, lifunge kwa shuka nyeupe ya pamba iliyofuliwa bila kutiwa marashi, uweke pamoja na vile vipakiti vya chumvichumvi vinavyokuja na viatu vipya, juu ya kabati, mbali na jiko na mbali na ukuta wa nje. Sanduku la bati lilimfanyia mjomba kazi nzuri miaka hamsini, usilitupe.

Bei? Si ya James Bond, usianze kuchora ploti. Elfu saba si matusi, na si mwisho pia. Mtu akipanda kutoka tatu hadi saba kwa sababu wewe una povu la mswaki mdomoni, huyo hafuati bei ya soko, kuna kitu kingine kinamsukuma.

Na mimi ni mtu wa kiherehere. Nikaomba namba yake kwa mpwa, mwenyewe akakubali, nikapiga. Jamaa wa Nakuru akacheka kwanza, halafu akaniambia hana habari na Monty Python wala Pinter. Anachokusanya ni vitu vya kura za maoni. Basi. Fomu za zamani, magazeti yenye zile chati, beji, kalamu zilizoandikwa majina ya kampuni zilizokufa. Kisa ni kwamba akiwa kijana wa kutafuta kazi alichukuliwa na kampuni moja kuzunguka na fomu pale Kaptembwo na Rhonda, nyumba kwa nyumba, jua la Nakuru unalijua na vumbi lake. Siku ya tatu mbwa akamkimbiza, siku ya nne mama mmoja akamwambia hajibu maswali mpaka aletewe unga, na siku ya tano, akashusha sauti hapa, alikaa chini ya mti akajaza fomu kumi na mbili yeye mwenyewe, akibadilisha badilisha mwandiko na kalamu. "Mzee, wiki iliyofuata nikaona asilimia kwa TV na watu wazima wawili wanazibishania, na mimi najua pahali zingine zilitoka." Ubao wake wa kuandikia anao mpaka leo, umepasuka kona, ameutundika sebuleni. Filamu aliiona kwa laptopu ya rafiki, na pale Rimmer anapoingia na ubao wake hakuna anayemuuliza kitu, anasema aliruka kutoka kwa kiti.

Basi hiyo ndio sababu ya elfu saba.

SWALI: Mulembe Mzee. Mimi ni mwalimu Kakamega na nimeona kila mara unasifu vitu vya wazungu. Mbona mtu mzima wa hapa akusanye kejeli za siasa za London na sisi tuna zetu za kutosha? – Mwalimu wa Kiswahili

JIBU: Mulembe muno, mwalimu, na umenigonga pahali panauma. Ni kweli. Lakini niambie wewe zetu ziko wapi? Redykyulass, wale vijana wa vichekesho, walipoanza kumuiga Mzee Moi kwa TV akiwa bado yuko ikulu, nchi nzima ilikuwa inasimama, pale kwetu hata matatu za jioni zilikuwa zinakosa abiria. Mimi nilirekodi kwa kaseti za VHS, nne, nikaandika kwa kalamu nyekundu USIGUSE. Shemeji yangu akafunga harusi, mtu wa video akaishiwa na kaseti, sitasema zaidi kwa sababu bado tunasalimiana. Leo ukiweka moja unaona maharusi wanakata keki na kwa sekunde mbili mwishoni, kabla ya mistari, unaskia watu wanacheka na sauti moja nzito inaanza "Ninyi wananchi..." halafu inakatika. Kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kaseti kiliwekwa kwa sababu hiyo, ukikivunja haiwezi kurekodiwa juu yake. Nilijua baada ya harusi.

Na si mimi peke yangu. Marehemu Wahome Mutahi, yule wa safu ya gazeti ya Whispers, aliyetuacha 2003, alikuwa na maigizo ya kuwachambua wakubwa yakichezwa kwa mabaa na mahoteli, watu wakila nyama huku wanacheka rais, na vile vikaratasi vya kutangaza maigizo hayo sijawahi kuona mtu akiniletea hata kimoja. Vikaragosi vya mpira vya XYZ Show, kile kipindi cha TV cha kuwacheka wanasiasa, kazi ya mchora katuni Gado iliyoanza 2009, angalau vipindi vyake vimewekwa kwa intaneti, lakini niulize ni nani ana bango la msimu wa kwanza. Waingereza hawana vichekesho vizuri kuliko vyetu, mwalimu, wana dari. Wana stoo na hawana shemeji wa harusi.

Halafu filamu hii si ya mbali vile unafikiria. Sisi tulipiga kura ya katiba ya Ndizi (ndio) na Chungwa (hapana) tarehe 21 Novemba 2005, tukapiga ingine ya Kijani (ndio) na Nyekundu (hapana) tarehe 4 Agosti 2010, halafu ikaja ile ya BBI ya kubadilisha katiba ambayo mahakama iliizima kabla hatujafika kwa foleni. Nakumbuka 2005 hapa Kisumu mama wa sokoni Kibuye alikuwa anakataa kuuza ndizi kabisa, anakuambia hizo nenda ukanunue kwa wenyewe, na machungwa yakapanda bei mpaka watu wakawa wanauliza kama chama kinawarudishia chenji. Mtu ambaye ameishi hapo hahitaji kufafanuliwa Rimmer na kura zake. Ukipata karatasi yoyote ya kampeni ya 2005 hapo Kakamega, mwalimu, hata kopo la rangi lenye stika, niandikie kabla hujaitupa.

SWALI: Mzee nimeagiza DVD ya filamu moja ya kejeli kutoka Uingereza kupitia kwa dadangu, imefika Busia inaandika eti eneo si sahihi. Nimeibiwa? – Wa Busia

JIBU: Hujaibiwa ndugu yangu. Kampuni za filamu ziligawanya dunia vipande, Uingereza wako kipande cha 2 na Kenya tukawekwa cha 5, kwa hivyo mashine ya duka la kawaida inaweza kukataa diski ya huko hata kama ni orijino na risiti unayo. Mashine nyingi za bei rahisi zinazouzwa hapa hazijali vipande, jaribu ya jirani kabla hujamkasirikia dada. Kwa upande wa picha hakuna shida, wao na sisi tulitumia PAL. Ingekuwa kaseti ya zamani ya Marekani hapo ndio ungeona picha inaruka ruka bila rangi, kwa sababu wale wana mfumo wao wa NTSC.

NYONGEZA: Nikiwa namalizia ukurasa huu mpwa wa Milimani ametuma picha na ujumbe wa sauti. Amepima, inchi 40 kwa 30. Amepitisha kidole, mikunjo inaskika, na pale mikunjo miwili inapokutana kuna katundu kadogo ka kuingiza kiberiti. Lakini alipoligeuza nyuma akakuta mjomba ameandika kwa penseli. Juu kabisa: NANI APIKE UGALI JUMAPILI. Chini yake majina sita, mengine ya Kijaluo, mengine ya Kiluhya, moja la Mzungu, na mbele ya kila jina vile vijiti vya kuhesabia, vinne vimesimama na cha tano kimekata. Jina la mjomba ndilo lina vijiti vingi, na pembeni kwa mwandiko mwingine mtu ameandika "irudiwe". Mpwa anauliza afute kwa kifutio cha shule ili bei isishuke.

Omera, weka hicho kifutio chini. Mkusanyaji wa London pengine atapunguza kitu kwa sababu ya penseli, ni kweli. Nilimtumia wa Nakuru picha ya nyuma, peke yake, bila ya mbele. Amejibu kwa dakika moja: elfu kumi na mbili, na anakuja mwenyewe Jumamosi na ubao wake wa kuandikia, asiwekewe kwa parcel ya basi.